Kibati Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo duka la Mama limeingia mtandaoni. Dobi mwenye tovuti! Wateja sasa watapanga siku ya kufuatwa nguo zao huku wamejilaza kitandani. Ndevu ameshinda kwenye kaunta na kompyuta yake. Ndiye fundi wa tovuti, na tunamwita hivyo kwa sababu ndevu zake hufika kwanza, yeye baadaye.

Nikafungua ukurasa wetu kwa simu. Hata sijauona mlango wa duka kwenye picha, kisanduku kimeziba nusu ya kioo: tovuti hii hutumia vidakuzi. Chini yake kitufe — Kubali vyote. Nikamuuliza Ndevu vidakuzi ndiyo nini na nani kavialika. Akasema ndizo kuki, bonyeza tu, kila mtu hubonyeza. Nikamwambia humu ndani hatupokei hata soksi bila kuikagua. Akacheka, akaahidi kunieleza akipata nafasi.

Saa nne Mama akashuka ngazi. Tunaishi hapa hapa, juu ya duka. Alikuwa amevaa vizuri, mkoba begani. Akaniambia, "Habari za kazi, dada," kwa adabu kabisa, akauliza kama mwenye duka yupo. Mwenye duka ni yeye! Nikasema yupo, anakuja. Akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, akawa anamsubiri.

Nikaendelea kukunja mashuka. Ningefanya nini?

Alhamisi, 7 Machi

Ndevu kanieleza. Naandika nisije nikasahau — kusahau kwenyewe kupo katika damu yetu.

Kumbe ile kompyuta inayotunza tovuti, wenyewe huiita seva, haimjui mtu. Unaomba ukurasa, inakupa, inakusahau papo hapo. Ukiomba wa pili wewe ni mgeni mpya, karibu, sijui nani mwenzetu. Si ubovu. Ndivyo mtandao ulivyoundwa tangu mwanzo, na kwa watu wa kusoma tu ulitosha. Shida ilianza walipotaka kufanya biashara. Mtu anaweka kitu kwenye kapu, anageuka kutafuta kingine, akirudi kapu halimjui.

Basi miaka ya tisini, anasema, mhandisi mmoja akapata ujanja. Mpe mgeni kipande kidogo chenye namba akae nacho mwenyewe. Kila akirudi akionyeshe. Seva ikiiona namba, inajua ni yule wa jana. Hiyo ndiyo kuki. Na jina hakulitunga yeye. Waandika programu wa zamani walikuwa na kitu wanachokiita biskuti ya mazingaombwe, kijipande ambacho programu moja humpa mwenzake akitunze na kukirudisha vile vile, bila kujua ndani mna nini. Nikauliza kwa nini biskuti, njaa? Ndevu akainua mabega. Wapo wanaosema ni zile biskuti zinazookwa na kikaratasi cha maneno ndani. Wengine wanasema vingine. Aliyeita hivyo kwanza hakuacha maelezo.

Nikamwambia, kaka yangu, hicho ni kibati.

Nikamwonyesha ubao wa misumari nyuma ya kaunta. Vibati vya Mama vyote vimening'inia hapo, viwili viwili, alivikata mwenyewe kwenye bati na kugonga namba kwa msumari. Kimoja hubanwa kwenye nguo, mwenzake huondoka na mteja. Hatumwulizi mtu jina. Leta kibati, chukua nguo. Huna kibati? Hata uwe nani! Mama mkwe wake mwenyewe aliwahi kurudishwa nyumbani kufuata kibati, na suala hilo lilizungumzwa kwenye ukoo mpaka bibi akafa.

Ndevu alifurahi sana, akasema ndiyo hiyo hiyo. Uzuri wake, akasema, mzigo wa kukumbuka haumlemei mwenye duka. Anaubeba mgeni.

Nilitabasamu mpaka alipoondoka. Halafu nikakaa chini. Mzigo anaubeba mgeni! Mgeni mwenyewe ni mimi, na kila asubuhi naubeba kupanda zile ngazi.

Ijumaa, 8 Machi

Kaka kapiga simu. Amepata nafasi kwenye makao ya wazee, mji anakoishi yeye, safari ya siku nzima kutoka hapa. Chumba kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Ana bustani, ana wauguzi — makao, si Kaka. Kaka hana hata nywele.

Nikasema Mama haendi popote. Akanikumbusha pasi. Mwezi uliopita Mvuke, mpiga pasi wetu, alimkuta Mama amewasha pasi kubwa na kuilaza juu ya kanzu ya mteja huku anatazama dirishani. Moshi ulijaa. Kaka akakumbusha ngazi pia. Kila alilosema ni kweli, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Mtu akikusingizia unapata pa kushikia.

Halafu akasema kwa upole kwamba isitoshe Mama hanijui tena, kwake kuwa hapa au kule ni sawa.

Nikaropoka kwamba ananijua. Kaka akasema atakuja Jumamosi ya wiki ijayo aone kwa macho yake. "Akikujua, mdogo wangu, mimi nitanyamaza. Nakuapia."

Sasa nimejifunga kitanzi. Ananijua wapi!

Jumapili, 10 Machi

Pini! Kaniita Pini!

Niandike taratibu. Nilipokuwa mdogo sikuwa na wa kuniangalia, nikawa nashinda chini ya kaunta, ndani ya kapu la nguo safi, kazi yangu kumshikia Mama pini. Ndiyo nikaitwa Pini. Duka lilijaa watu, na Mama aliogopa nitatoka na mtu. Akachukua kibati namba kumi na saba, kimoja akanibana nacho kifuani, mwenzake akakitia mkobani. Wateja wakitania, huyu naye anafuliwa? Mama anajibu, "Huyu ana mwenyewe." Namba hiyo haikupewa mteja tena mpaka leo. Ukihesabu ubaoni unaruka kutoka kumi na sita kwenda kumi na nane.

Changu ninacho. Kilikuwa kwenye kopo la vifungo. Leo nikakisugua, nikakibana kwenye aproni, nikapanda na chai. Nilijisikia mjinga, mwanamke mzima nimejibandika bati.

Mama alikitazama. Akanyoosha kidole akagusa ile saba, maana saba zake huzikata katikati kwa kimstari. Macho yakapanda mpaka usoni kwangu.

"Pini," akasema. "Umekula?"

Nilikuwa nimekula. Nikasema bado, nikala tena mbele yake, naye akawa anahesabu matonge. Nimeshiba mpaka nashindwa kuinama. Sijui mara ya mwisho kufurahi hivi ilikuwa lini.

Jumanne, 12 Machi

Kinafanya kazi! Jana, leo. Nikiwa nacho mimi ni Pini, naulizwa kama nimekula, nakaripiwa kwa ajili ya nywele. Nikikivua ni "karibu, dada, kibati chako?" Nilijaribu kuvua mara moja tu, nione. Sitarudia.

Ndevu alipita kurekebisha picha. Nikamwuliza, kana kwamba ni habari za tovuti, kama kuki huisha. Akasema nyingi zina tarehe yake, na hata kabla ya tarehe mwenye simu anaweza kuzifuta zote kwa kidole kimoja. Je, huibwa? Huibwa sana, akasema. Atakayeichukua yako ataingia, na seva itamkaribisha kwa jina lako, itamfungulia kila kitu. Seva haitazami uso.

Tulicheka. Nilimwambia hata Mama alikuwa hatazami uso wa mteja.

Alhamisi, 14 Machi

Mvuke kanuna. Amekiona kibati, akaelewa, maana yupo hapa tangu mimi sijaota meno ya mbele. Anasema namdanganya Kaka, na njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu huu si uongo, ni miwani. Mtu akivaa miwani akakuona, utasema hakuoni?

Akasema miwani huvaa anayetazama. Akarudi kwenye pasi zake. Mvuke huzungumza kidogo, na hicho kidogo kinanitosha wiki nzima.

Kesho kutwa Kaka anakuja. Nimefua mapazia.

Jumamosi, 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kaka alifika kabla ya mchana. Mama alikuwa dirishani. Akamsabahi Kaka vizuri, akamwuliza kama amefuata suti. Kaka akasema hapana, Mama, nimekuja kukusalimia. Amezoea, mwaka wa pili sasa hajulikani. Nikaingia mimi na sinia, kibati kifuani nusu kimefichwa na kitambaa.

"Pini, huyu mgeni amepewa maji?"

Ungemwona Kaka. Alitoka akasimama barazani, kichwa kimeinama, upara unang'aa juani. Aliporudi akanishika bega akasema basi, yamekwisha, atawapigia wa makao. Nilitaka kuruka. Nilitaka pia kumweleza kila kitu, nikammiminia chai.

Ningebaki pale pale kitini! Lakini Mvuke aliniita chini. Mteja hana kibati, anataka shela ya harusi, anapiga kelele. Kabla sijashuka nikamwagikiwa chai, nikavua aproni, nikaitupa kwenye kiti. Kibati juu yake. Nikateta na yule mteja mpaka akaenda kutafuta kibati chake. Nikamshinda. Nikapanda ngazi nimejaa ushindi.

Kaka alikuwa amekaa karibu na Mama, amekiokota kibati, anakigeuzageuza kiganjani kama mtu yeyote angefanya. Mama kamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili.

"Pini wangu," anamwambia, "mbona mikono imekuwa mikubwa hivi?"

Kaka ana miaka hamsini na zaidi. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni. Hakumsahihisha. Akasema, "Kazi, Mama." Mama akamwuliza kama amekula.

Halafu Kaka akaniona mlangoni, akaitazama aproni, akakitazama kibati, akaelewa. Nilimwomba Mungu Kaka anicheke, nipate cha kumkasirikia. Hakucheka. Alikula vyote alivyopewa, tonge kwa tonge, kwa jina langu.

Jumapili, 17 Machi

Mama atakwenda mwisho wa mwezi. Kaka hakusema kwa kunikomoa, hata sauti hakuinua. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, asubuhi sikuyapata hata moja. La kuvunda halina ubani.

Halafu akaniomba kibati.

Anasema kule atawapa wauguzi. Anayeingia kumlisha akivae. Mama atakuwa na Pini kila siku, asubuhi na jioni, hata mimi nikiwa huku. Anataka aanze kuwafundisha mapema, kabla hajampeleka.

Nikakataa. Nikamwambia hicho ni mimi! Yaani Pini awe mtu yeyote wa zamu? Akasema, "Jana nilikuwa mimi, na alifurahi."

Nimekaa na kibati mkononi mchana kutwa. Mpaka kimepata joto.

Jumatatu, 18 Machi

Nimempa. Kituoni, dakika ya mwisho, basi linaunguruma. Amekifunga kwenye leso. Nilisema namna ya kukibana, upande wa kushoto, saba isiangalie chini. Akasema amesikia. Nikarudia. Akasema amesikia.

Si kwamba nimeridhika. Nilichoka tu kuwa mchoyo wa jina.

Jumatano, 20 Machi

"Karibu, dada. Kibati chako?"

Nikasema nimekisahau nyumbani. Akanihurumia, akasema sheria ni sheria. Nikamwachia chai mlangoni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ni mgeni wa siku ya kwanza kila siku, jembe sipewi.

Ndevu katuma ujumbe. Kila aliyefungua tovuti amebonyeza Kubali vyote. Wote!

Ijumaa, 22 Machi

Naandika hapa kaunta. Mvuke kasema niandike, la sivyo nitalia mbele ya wateja.

Mama ameshuka asubuhi hii, amevaa gauni la bluu, mkoba begani. Nilidhani atamwulizia mwenye duka. Hakuuliza. Alisimama upande wa wateja, akafungua mkoba, akatafuta sana. Akatoa kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha zamani. Akakiweka mbele yangu.

Kumi na saba. Mwenzake. Miaka yote hii alikuwa nacho mle mle! Sikuwahi kuupekua mkoba wa mama yangu, ningeanzia wapi?

"Nimemfuata mtoto wangu," akasema. "Nilimwacha hapa. Mdogo, hushika pini."

Nikasema ni mimi, Mama. Mimi hapa. Nikazunguka kaunta, nikamshika mikono. Aliniachia nimshike, ni mstaarabu. Lakini hakunitazama usoni. Alinitazama kifuani, upande wa kushoto, akatafuta, akakuta aproni tupu.

"Kibati chake kiko wapi?"

Nikampigia Kaka. Amekipeleka makao jana, kipo kwa muuguzi mkuu. Akasikia sauti yangu, akasema anatoka kazini sasa hivi akichukue, akitie kwenye basi la jioni. Kitafika kesho. Nani anajua kesho Mama atakuwa anamtafuta nani.

Mvuke aliingia nyuma, akarudi na kipande cha bati, mkasi, nyundo na msumari. Akakata, nikagonga. Moja. Saba. Nikakumbuka kimstari cha katikati. Kilitoka vizuri, nilidhani kimetoka vizuri. Nikakibana kifuani nikasimama mbele yake.

Akakisogelea. Akakigusa, akakilinganisha na cha kwake, akaviweka sambamba kama tulivyofundishwa sote humu ndani. Akanirudishia kwa upole.

"Hiki hakikugongwa na mimi, dada. Siwezi kumchukua mtoto wa watu."

Wateja watatu walikuwa wanatazama. Mmoja akaondoka bila nguo zake.

Sasa amekaa kwenye benchi, mkoba magotini, kibati kwenye ngumi. Anasema hana haraka, atasubiri. Nimemwambia mtoto yupo, yuko salama, ana mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Baada ya muda kaniita tena, kwa sauti ndogo, asisikiwe na wateja. Anauliza kama mtoto amekula.

Nimesema bado.